Kengele Niliyoifunga Kwenye Kigari

Magoti yangu yalikufa kabla yangu. Ukiyakunja yanalia kama kuni kavu, na asubuhi lazima niyabembeleze kama mtoto anayegoma kwenda shule. Nyumba yangu iko Misima, upande huu wa lami inayotoka Mkata kwenda Handeni. Shamba langu la mihogo na michungwa lilikuwa upande ule. Kwa mtu mwenye magoti ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Kwangu mimi ilikuwa imeshageuka safari ya kuaga watu.

Mwanangu anaishi Korogwe mjini. Ni mtoto mwema, sina la kumsema, ila ana ugonjwa wa watoto wema: anataka kuniweka ndani. Kila akija, maneno yalikuwa yale yale. "Mama, siku utakaposhindwa kufika shamba mwenyewe, nakuja kukuchukua. Chumba kipo."

Hicho chumba nakijua. Kina godoro nene, feni, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mke wake ni mwanamke wa Kwashemshi, amelelewa akaleleka, haniachii hata kitunguu nimenye. Niliwahi kukaa kwao nilipougua, nikarudi kwangu miguu imevimba kwa kukalia kochi. Mtu wa jembe ni kama muhogo, ukishamng'oa na kumweka ndani, siku mbili anaanza kuwa mweusi katikati.

Bodaboda nilijaribu. Kijana akaniambia, "Bibi, nishike vizuri." Nikamjibu, "Nikushike wapi, huna hata nyama." Tulipofika nilishushwa kama gunia la mkaa, watu wanatazama. Nikasema, sipandi tena.

Aliyeniokoa ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa huyo huyo mwanangu. Ni fundi umeme. Naomba hapo pasomwe polepole: fundi umeme. Mimi niliishia darasa la tatu, yeye wanaume wanamletea mashine za kusaga zilizoungua, naye anakaa chini na kuzisuka mota upya mpaka zinanguruma. Nikimwona na ile bisibisi yake mfukoni, nataka kusimamisha mabasi niwaonyeshe abiria.

Siku moja alikuja na lori dogo la Kenta, nyuma limebeba kitu kimefunikwa turubai. Yeye na dereva wakakishusha uani kwangu juu ya mbao mbili. Kilikuwa na paa lakini hakina kuta, kama kibanda cha kuuzia vocha kilichoota magurudumu. Viti viwili, usukani, vitairi vinene vifupi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hiki ni nini umeniletea?"

"Kigari cha gofu."

"Gofu ninalolijua mimi ni nyumba iliyoanguka."

Akacheka. "Gofu ni mchezo, bibi. Mtu anapiga kimpira kwa fimbo kinaenda mbali, halafu anapanda kigari kukifuata."

"Anakipiga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Halafu anatafuta gari la kukifuata. Na miguu anayo?"

"Anayo yote miwili, bibi, mizima."

Nilikaa chini. Umri huu wote nilidhani nimeshasikia kila kitu ambacho watu wanaweza kufanya duniani.

Kigari kilikuwa kimetupwa kwenye nyumba ya wageni ya shamba moja la zamani la mkonge, huko upande wa Korogwe. Betri zilikuwa zimekufa na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti. Mjukuu wangu alikwenda kuwatengenezea pampu, akakiona, akakiomba, wakamwambia aondoe takataka hiyo. Akakisafisha, akakitafutia betri nyingine, akakifufua. Hakina gia wala moshi. Chini kuna pedali mbili, ya kwenda na ya kusimama. Jioni unakichomeka ukutani kama simu.

Alinifundisha uani. Nilibomoa banda la kuku kidogo, pembe moja tu, kisha nikaelewa. Kabla hajaondoka aliniambia, "Bibi, pita pembeni kwenye vumbi. Lami usiikanyage isipokuwa unavuka." Nikalishika neno hilo kama dawa ya daktari. Mwanangu alipopiga simu nilimwambia shamba nimefika na nimerudi, na chumba chake ampe mgeni mwingine.

Tatizo la kitu kile lilikuwa moja. Hakikuwa na sauti.

Huku kwetu kitu kinachotembea bila sauti si kitu kizuri. Pikipiki inajitangaza toka mbali, na hata baiskeli ina mnyororo unaolalamika. Mimi nilikuwa natokea tu. Siku ya kwanza nilimfuata kwa nyuma mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani, nikamsalimia nikiwa mgongoni kwake. Ndoo ilikwenda kwake na yeye akaenda kwake. Ndala moja tuliikuta majanini. Jioni mtaa mzima ulikuwa unasema bibi siku hizi anapanda upepo. Honi ilikuwepo, lakini ilitoa sauti ya kifaranga, na nani atakimbia kifaranga.

Nyuma ya nyumba yangu, upande huu huu wa lami, kulikuwa na boma la Mmasai mmoja. Tumekaa jirani toka watoto wake wadogo hawajaanza kuchunga. Yeye huniita yeyo, yaani mama, na mimi humwita mwanangu, ingawa mvi zake zinashindana na zangu. Nilimweleza kilio changu. Akaingia ndani, akatoka na kengele ya chuma yenye mkanda wa ngozi.

"Hii alivaa yule dume aliyekuwa anawaongoza ng'ombe wangu," alisema. "Nimemuuza mnadani. Kengele imelala tu. Kitu kisicho na mdomo, yeyo, kipe mdomo."

Tukaifunga mbele, chini ya paa. Nikienda inalia ngolo, ngolo, ngolo. Kuanzia siku hiyo watu walinipisha kabla sijawafikia. Wanaouza machungwa kando ya lami waliniinulia mikono, nami niliwapungia kama mkuu wa wilaya. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mimi mtu wa jembe nisifikiri, sawa. Lakini hata yeye mwenye ng'ombe hakufikiri.

Kila asubuhi huyo jirani alikuwa na kazi ya hatari: malisho yake yako ng'ambo ile, boma liko ng'ambo hii. Alikuwa anawakusanya ng'ombe kando ya lami, anawazuia kwa fimbo na mluzi, anasubiri pawe peupe, ndipo anawavusha. Siku nyingine nilikuwa napita wakiwa wameshavuka, lakini asubuhi hiyo nilimkuta amesimama nao majanini. Nikampita kwa mbele.

"Yeyo, takwenya," akanisalimia kwa Kimasai.

"Iko," nikaitikia, maana hiyo tu ndiyo najua, nikaendelea. Ngolo, ngolo, ngolo.

Mbele kidogo nikatazama kulia, nikatazama kushoto, barabara nyeupe. Nikavuka. Nimefika ng'ambo ile, tairi za mbele ziko kwenye vumbi, nikasikia mluzi wa yule mzee. Si mluzi wa kuchunga. Ulikuwa mkali, umekatika katikati.

Nikageuza shingo. Lami yote nyuma yangu ilikuwa ng'ombe.

Walikuwa wananifuata mimi. Hawakukimbia. Walikuja taratibu, vichwa chini, mmoja nyuma ya mwingine, kama walivyolifuata dume lao miaka yote, kwa sababu kengele ile walikuwa wanaijua kuliko wanavyonijua mimi, kuliko wanavyoijua hata fimbo ya mwenyewe. Na mimi mjinga, nilipoona vile, nilifikiri nikienda haraka nitawaacha. Nikakanyaga pedali ya kwenda. Kengele ikalia kwa nguvu zaidi. Waliobaki majanini wakainua masikio nao wakaingia barabarani.

Basi lilitokea kwenye mteremko wa upande wa Handeni.

Sijui kueleza sauti ile. Breki za basi lililojaa zinalia kama mtu. Lilikwenda kulia, likaja kushoto, mizigo ya juu ikalala upande, moshi wa tairi ukalifunika, na mimi nilibaki nimegeuza shingo, mikono kwenye usukani, mdomo wazi. Nilikuwa nataka kusema "Mlungu wangu" kwa Kizigua chetu na hata hilo halikutoka.

Lilisimama limekaa mshazari. Kati ya taa zake na ng'ombe wa mwisho ungeweza kutandika mkeka mmoja, wa mtoto.

Kisha kimya. Ng'ombe waliendelea kuvuka, wakaja wakanizunguka na kigari changu, wakasimama. Mmoja akaanza kuramba paa.

Dereva alishuka. Nilijiandaa kutukanwa, na nilistahili. Alikuja akitembea kama mlevi, akakaa kwenye kiti cha pili, hapo karibu yangu, hakunitazama.

"Bibi," akasema, "nina wanawake wenye watoto wachanga humo ndani." Akarudia, "Wachanga." Kisha akaniomba maji.

Nilimpa kibuyu changu cha shamba. Hajanitukana mpaka leo. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Abiria ndio walionitukana, na wengine walipiga picha. Mama mmoja mwenye kanga mbili alinifuata akasema, "Wewe bibi mzima unaendesha baa." Dada mwingine akamjibu, "Si baa, ni bafu, huoni halina milango." Wakacheka, kicheko kile cha watu waliotoka kaburini, kinachoishia kwenye machozi.

Trafiki walikuja. Huwa wanakaa si mbali na hapo. Mmoja alikuwa mwanamke, umri wa kuwa binti yangu, mweupe wa sare kama unga wa sembe. Alikizunguka kigari mara mbili, akainama akatazama nyuma.

"Shikamoo, bibi. Namba yake iko wapi?"

"Marahaba. Namba ya nini?"

"Namba ya usajili. Na bima. Na leseni yako."

Nikamwambia ukweli kama ulivyokuwa kichwani mwangu. "Mwanangu, hili si gari. Hakinywi mafuta, hakina gia. Hiki ni mguu wangu."

"Kina mota, bibi. Kikiwa na mota kikaingia barabarani kinataka namba, kikaguliwe, kiwe na taa, vioo vya kutazamia nyuma, mkanda, bima. Hiki hakina hata kimoja. Vya aina hii ni vya ndani ya eneo la mtu, hotelini, shambani, kwenye viwanja vyao huko. Barabarani haviruhusiwi."

"Na mkokoteni wa punda unaopita hapa kila siku, una vioo?"

Aliuma mdomo, nikaona anazuia kucheka. "Punda hana mota."

"Bajaji je? Nayo ina tairi tatu tu, mimi nina nne."

"Bajaji ina namba, bibi."

Hapo nikatoa neno langu la mwisho, lile la mjukuu wangu, nililolitunza kama dawa. "Basi sikuwa barabarani. Mimi napita pembeni. Lami naivuka tu, kama kuku."

Yule askari akanishika mkono, kwa adabu, akanigeuza nitazame upande wa nyumba yangu. "Bibi, unaiona ile nguzo fupi ya zege, nyeupe, pale kwenye migomba?"

Ningeachaje kuiona. Ile nguzo naikalia. Kila jioni nakaa pale namenya muhogo, kwa sababu urefu wake unafaa magoti.

"Barabara si lami," akasema. "Barabara inaanzia kwenye ile nguzo, inakuja mpaka nguzo za upande huu. Pembeni nako ni barabara. Njia ya vumbi ni barabara. Pale wanapouza machungwa ni barabara."

Basi lile lilinitisha, nakubali, lakini hili liliniingia mahali pengine. Miaka yote hiyo nilidhani barabara ni utepe mweusi unaopita mbali na mimi, wa watu wa safari. Kumbe jioni nikimenya muhogo nimekalia ukingo wake. Maganda nilikuwa natupa barabarani. Wajukuu niliwafundisha kutembea barabarani, nikiwapigia makofi.

"Leo nakuonya," alisema. "Kwa umri wako, na kwa kuwa hakuna aliyeumia. Nikikiona tena ndani ya hizi nguzo nakichukua, na wewe tunakwenda wote kituoni. Na hapa hukiwashi tena."

"Kitafikaje nyumbani?"

Akawatazama abiria. Wale wale waliokuwa wananitukana ndio waliokisukuma kigari, mimi nimekaa ndani nimeshika usukani, kengele imefungwa mdomo kwa kanga ya yule mama aliyesema naendesha baa.

Jioni mwanangu alikuwa ameshafika. Picha zilimfikia Korogwe kabla ya habari. Alikuja na binti yake, yule fundi wangu, macho yamevimba kwa kulia. Mwanangu hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Sasa basi, mama. Fungasha."

Ukweli ndio huo. Shamba liko ng'ambo, katikati kuna barabara pana kuliko nilivyodhani, mguu wangu hauruhusiwi kuingia humo, na magoti yangu hayawezi.

"Nitakisajili," mjukuu wangu akasema. "Nitafunga taa, nitafunga vioo."

"Kaulize," nikamwambia. Alikwenda kweli, akaulizia hadi Tanga. Kila alikoingia walimkaribisha vizuri, wakamsikiliza, wakamuuliza karatasi za kigari kilipoingia nchini, na kuku wa lile shamba la mkonge hawakuwa nazo. Tena mmoja alimwambia, hata kikipata namba, dada, kwa mwendo wake huo na mabasi ya njia ile, unamtafutia bibi yako jeneza lenye usukani. Akarudi akaniambia maneno hayo hayo bila kuyapaka sukari. Nampenda kwa hilo.

Nikaanza kufungasha. Sufuria zangu mbili, kinu nikakiacha. Mwanangu alisema atakuja Jumapili.

Ijumaa, jirani yangu Mmasai alikuja kuitaka kengele yake. Toka siku ile hatukuwa tumetazamana usoni. Aliketi mlangoni, fimbo magotini, akatazama zile sufuria.

"Unahama?"

"Nahamishwa. Shamba silifikii tena."

"Yeyo, mimi toka siku ile silali. Nafumba macho naona basi." Akanyoosha fimbo ng'ambo ya pili. "Malisho yangu yako kule. Shamba lako liko kule. Boma langu liko huku, nyuma ya jiko lako. Wewe unavuka kwa nini, na mimi navuka kwa nini?"

Nilimtazama. Nikatazama nyuma ya jiko. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye boma lake hakuna nguzo hata moja ya zege, ni njia ya nyumbani tu, ya mbuzi na kuku.

"Na nyumba zako?"

"Sisi kuhama boma ni kubadili shati. Nipe shamba, chukua boma."

Naomba mjue alichokuwa ananipa. Ardhi ile imelaliwa na ng'ombe miaka na miaka, samadi imeshuka chini mpaka mchwa wamenenepa. Na mimi nilichokuwa natoa ni shamba nililofyeka na marehemu mume wangu tukiwa vijana, visiki tuling'oa kwa mikono. Nililia kwanza. Sikuona aibu kulia mbele yake, yeye ndiye aliyeliona basi lile pamoja nami.

Nikasema, "Michungwa nilipanda mimi." Huku kwetu ardhi inaweza kubadilishwa, lakini mti ni wa aliyeupanda.

"Michungwa ni yako. Ng'ombe hali chungwa. Nitakuletea kwa gunia."

Jumapili mwanangu alipofika na gari, alitukuta tumesimama uani na mwenyekiti wa kitongoji na majirani, tunapanda minyaa ya mpaka. Alisimama na funguo mkononi. Nilimwonyesha kigari, nikamwonyesha njia, nikamwonyesha boma. Nikapanda, nikaenda mpaka mwisho wa ardhi yangu mpya, nikageuza, nikarudi, bila kugusa barabara ya mtu.

"Mama," akasema, "wewe."

Alinisaidia kurudisha sufuria ndani. Mjukuu wangu alikuwa nyuma yake anajifanya anatazama betri.

Mahindi yangu ya mwaka huu yamepita paa la kigari. Wapita njia wanasimama kuuliza ni mbegu gani, nawaambia ni mbegu ya kawaida, ila imelala na ng'ombe. Mchana nikichoka nakaa kwenye kiti, kwenye kivuli cha lile paa, nakula chungwa.

Jirani amepata dume jingine na amelivika kengele yake. Asubuhi naisikia toka ng'ambo ile, ngolo, ngolo, linawapeleka malishoni. Niko kwenye kigari katikati ya mahindi yangu mwenyewe, hakuna basi, hakuna lami. Na kila ninapoisikia, mguu wangu unakanyaga breki wenyewe.